Kichwa Kikisema Umeshindwa, Kidai Ushahidi

Ndugu yangu wa Bunju, nakuandikia wewe unayeamka saa kumi alfajiri bila kengele, mwili uko kitandani lakini mawazo yameshafika Kariakoo na kurudi. Wewe unayecheka na watu dukani, kisha ukifunga mlango uso unaanguka. Wewe ambaye wiki kadhaa sasa chakula hakina ladha, usingizi hauna utulivu, na ukiulizwa una nini unajibu, "Uchovu tu." Sikuandikii kukupa pole. Pole umeshapewa za kutosha na hazijakutoa kitandani. Nakuandikia kukupeleka kazini.

Kazi yenyewe inaitwa tiba ya fikra na tabia. Ukifika hospitali kubwa utawasikia wataalamu wakiiita CBT. Ni tiba ya mazungumzo, ila usidhani ni mazungumzo ya barazani, na lile kochi la kwenye filamu lisahau kabisa. Hakuna kulala chali ukimwaga machozi huku mtu wa miwani akitikisa kichwa bila kusema neno. Utakaa kwenye kiti cha kawaida, mtu mbele yako atakuuliza maswali ya moja kwa moja, na ukitoka utakuwa na kazi ya kufanya kabla ya kurudi. Tiba hii inashika vitu viwili ambavyo hata leo, hata bila senti mfukoni, viko karibu na mkono wako: kile unachojiambia, na kile unachokifanya baada ya kujiambia.

Ngoja nikuoneshe inavyofanya kazi. Nimbuni mtu, tumwite Mama Zawadi. Ana genge la mboga na matunda, na yuko kwenye kikoba kinachokutana kila Jumamosi. Mwezi huu biashara imelala na rejesho halijatimia. Ijumaa usiku anaandika kwenye kundi la WhatsApp: "Jamani, kesho nina jambo naomba kulizungumza." Tiki zinageuka bluu. Hakuna anayejibu.

Kufumba na kufumbua kichwa chake kimeshatoa hukumu: wameshajua, wananisema pembeni, mimi ni mtu wa kushindwa. Tumbo linakaza. Moyo unakwenda mbio. Usingizi umekwisha. Jumamosi haendi kikaoni. Kwa kuwa hakwenda anapigwa faini, na wenzake, ambao usiku ule walikuwa wamechoka tu au wako jikoni, sasa wanaanza kuulizana: kwani mwenzetu ana nini? Wiki inayofuata anakutana na macho yao na kusema moyoni, si nilijua!

Hapana, Mama Zawadi. Hukujua. Ulidhani, ukaogopa, ukajificha, na kule kujificha kwako ndiko kulikozalisha minong'ono uliyoiogopa. Ujumbe usiojibiwa ulizaa fikra, fikra ikazaa aibu, aibu ikaukamata mwili, na mwili ulipokataa kutoka nyumbani ukaenda kutengeneza ushahidi wa fikra ambayo mwanzoni haikuwa na ushahidi wowote. Huo ndio mzunguko ambao tiba hii imekuja kuukata, na unaweza kukatwa mahali popote: kwenye fikra au kwenye tendo.

Mtaalamu atamwambia achore mistari kwenye daftari. Tukio. Fikra iliyopita sekunde ile ile. Hisia, na ukali wake kwa asilimia. Mwili ulifanya nini. Nilifanya nini. Kisha yanakuja maswali, na hapa ndipo pa kukaza mkanda. Unaiamini fikra hiyo kwa asilimia ngapi? Tisini, anasema Mama Zawadi. Sawa. Una ushahidi gani unaoiunga mkono, ushahidi ambao hata mwenyekiti wa mtaa angeupokea? Na upi unaoipinga? Mwezi wa pili nani alichelewa kurejesha, na mlimfanya nini? Tulimwongezea muda. Wenzako huwa wanajibu ujumbe saa ngapi usiku? Mara nyingi asubuhi. Je, shoga yako angekuja na hadithi hii hii ungemwambia yeye ni mtu wa kushindwa? Astaghafiru, hata kidogo. Basi unaiamini sasa kwa asilimia ngapi?

Labda hamsini.

Hajafika sifuri, na hakuna anayemtaka afike sifuri. Hamsini inatosha kumtoa nyumbani Jumamosi, na Jumamosi ndiyo itakayojibu mengine.

Aliyeuona mzunguko huu kwa jicho la kitabibu ni Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili wa Philadelphia, Marekani. Alikuwa amefunzwa ile njia ya kale ya kuchimbua siri za utotoni. Siku moja mgonjwa alikuwa akimsimulia mambo yake ya ndani huku akionekana ana wasiwasi, na Beck akadhani ni kwa sababu ya siri zenyewe. Alipomuuliza, mama yule akasema wasiwasi wake ulikuwa mwingine: alikuwa akiwaza kwamba anamchosha daktari. Chini ya maneno aliyoyatoa mdomoni kulikuwa na mkondo wa pili wa maneno, wa haraka, usiosikika, na huo ndio uliokuwa ukimuumiza. Beck akaanza kuwauliza wagonjwa wengine kuhusu mkondo huo, na katika miaka ya 1960 akajenga tiba juu yake. Mwaka 1979 yeye na wenzake walitoa kitabu kilichoeleza hatua kwa hatua jinsi ya kutibu sonona kwa njia hii. Alifariki 2021 akiwa na miaka 100. Na huyu hakuwa mtu aliyezaliwa jasiri. Utotoni aliumia mkono, jeraha likaoza akakaribia kufa, na baadaye damu na vyumba vya upasuaji vikawa vinamtisha mno. Akasomea udaktari hivyo hivyo, akajizoeza kidogo kidogo mpaka hofu ikalegea.

Sasa nitawaudhi kidogo wenzangu wa hamasa. Tiba hii haina uhusiano na kusimama mbele ya kioo asubuhi ukisema "mimi ni bingwa, mimi ni milionea". Kichwa chako si mjinga. Kikiwa kimezama kwenye sonona na wewe ukakiambia u bingwa, kitakucheka, na utaamka kesho umevunjika mara mbili. Fikra chanya isiyo na ushahidi ni uongo sawa na fikra hasi isiyo na ushahidi, ila ina marashi. Kinachotakiwa ni fikra ya haki. Na ukishazoea kudai haki hiyo, hakuna wa kukunyang'anya.

Na wakati mwingine fikra chungu ni ya kweli. Kama umekopa mkopo wa kausha damu na wanakuja kesho kubeba televisheni, basi "naweza kupoteza televisheni" ni ukweli mtupu, na mtaalamu mwenye busara hatapoteza dakika kuubishia. Atakugeuza upande wa kutatua tatizo: andika madeni yote, lipi lina riba kali zaidi, nani anaweza kukaa na wewe mezani, kipi unaweza kuuza bila kuua mtaji, nani wa kwenda naye usiende peke yako. Ila atakataa jambo moja. Atakukataza usitoke kwenye "nina deni" ukaruka moja kwa moja hadi "sina thamani". La kwanza ni hesabu. La pili ni tusi ulilojitukana mwenyewe, na wewe umelizoea mpaka unadhani ni jina lako.

Haya, unakwenda. Utarajie nini?

Kikao cha kwanza kinafanana na kujaza fomu kuliko kutibiwa, usikate tamaa. Utaulizwa ilianza lini, inakuzuia nini, unalala vipi, unakunywa kiasi gani, umewahi kufikiria kujiumiza. Jibu ukweli, hata lile la pombe. Huenda ukapewa karatasi ya maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila swali lina alama kuanzia 0 hadi 3, na jumla haizidi 27. Hiyo karatasi utaikuta tena baadaye, maana ndiyo itakayoonesha kama mnasonga au mnazunguka. Mtakubaliana malengo, na malengo ya kweli yana miguu. "Nataka kuwa na furaha" halifai. "Nataka nirudi kanisani kwenye kwaya", "nataka nipande daladala hadi Mwenge", "nataka nilale kabla ya saa sita", hayo yanafaa.

Kwa kawaida utakwenda mara moja kwa wiki, nusu saa hadi saa nzima, vikao kati ya 6 na 20 kulingana na tatizo. Kila kikao kina mpangilio wake: habari za wiki, kazi ya nyumbani imekwendaje, leo tunashika nini, na kazi ya wiki ijayo ni ipi. Utakachosema kitabaki pale, isipokuwa maisha yako au ya mtu mwingine yakiwa hatarini, na hilo utaambiwa mapema. Usitegemee kuambiwa uachane na mumeo au uache kazi, maana huyo si sheikh, si mchungaji, wala si shangazi. Atakuuliza mpaka jibu litoke kwako. Sala zako endelea nazo, hakuna anayekuondoa msikitini wala kanisani.

Kuna wiki utatoka ukiwa mzito kuliko ulivyoingia. Jambo ulilolikwepa miaka mitano sasa umelitazama usoni, lazima litingishe. Watu wengi hukimbia hapo, kikao cha pili au cha tatu, wakisema haifanyi kazi. Mimi nakwambia rudi. Rudi na useme hivyo hivyo: wiki iliyopita niliumia. Mtaalamu anahitaji kulisikia hilo ili apunguze mwendo au abadili njia.

Na kazi ya nyumbani ifanye. Hapa sibembelezi. Saa moja kwa wiki na mtaalamu ni saa moja kati ya saa 168. Zile 167 zilizobaki uko na kichwa chako, sokoni, kwenye foleni ya Tegeta, jikoni, kitandani. Ukiziachia zijiendeshe, saa moja haitashinda. Nani anajua hili kuliko mtu wa Bunju? Nusu ya nyumba za huku zimejengwa na watu waliokuwa wakinunua matofali hamsini mwezi huu, mfuko wa saruji mwezi ujao, wakihamia kabla ya dari, wakipiga plasta baada ya miaka. Hukungoja upate milioni zote ndipo uchimbe msingi. Basi na hapa tofali la leo ni mstari mmoja kwenye daftari.

Nimesema mzunguko unakatwa pia kwenye tendo, na kwa aliyezama kabisa huko ndiko kwenye mlango mwepesi. Sonona hukudanganya kwa sauti ya hekima: pumzika kwanza, ukijisikia vizuri utatoka. Unapumzika. Hujisikii vizuri. Unapumzika tena. Tiba inageuza mfuatano huo. Unatoka kwanza, hamu itakukuta njiani. Mtaalamu atakaa na wewe mpange wiki kwa saa: Jumatatu saa moja asubuhi kufagia uwanja, Jumanne jioni kutembea hadi dukani na kumsalimia mtu mmoja kwa jina, Jumatano kumpigia simu dada Mbeya, Alhamisi kwenda kuangalia vijana wakicheza mpira. Baada ya kila jambo unaandika alama mbili, lilikupa raha kiasi gani na lilikupa kujiona umeweza kiasi gani, kutoka 0 hadi 10. Utashangaa. Kufagia kulikokupa sifuri kwenye hamu asubuhi, jioni kumepata nne kwenye kuweza. Nne siyo sherehe, lakini mwezi uliopita hukuwa na hata moja.

Kwa mwenye hofu, njia ni ngazi. Joseph Wolpe, daktari wa Johannesburg aliyewahudumia askari waliotoka vitani na hofu zao, alieleza katika kitabu chake cha 1958 namna ya kuisogelea hofu hatua kwa hatua badala ya kuikimbia au kuivamia. Tuseme ulipata ajali kwenye barabara ya Bagamoyo na tangu siku hiyo daladala hupandi. Unalipa bodaboda kwa pesa ya chakula, kazini unachelewa, na kila siku unayokwepa hofu inanenepa, kwa sababu kila ukikwepa kichwa kinahesabu: unaona, hatukupanda ndiyo maana tuko hai. Mnaandika ngazi. Kusimama kituoni bila kupanda. Kuingia gari lililosimama na kukaa dakika kumi. Kwenda na mtu hadi Boko. Kwenda peke yako hadi Boko. Tegeta. Mwenge, kiti cha mbele, saa ya foleni. Kila hatua unaipa hofu alama kutoka 0 hadi 100, unabaki pale pale mpaka ishuke, na hushuki njiani kwa sababu moyo unadunda. Moyo kudunda hakuui. Unakaa nao, unadunda, unachoka kudunda. Kesho unarudia hatua ile ile, na alama inaanza chini kidogo. Hujafundishwa neno lolote jipya, mwili wako wenyewe ndio umejifunza.

Ngazi hii inawahusu majirani zetu wa Mabwepande kwa namna ya pekee. Mafuriko ya Desemba 2011 yalipolipiga bonde la Msimbazi, familia kutoka Jangwani na maeneo ya jirani zilihamishiwa huku mwanzoni mwa 2012, zikaanzia kwenye mahema. Mtu aliyeona maji yakiingia dirishani usiku, kisha leo mvua ikianza kupiga bati anashindwa kupumua, huyo si mwoga na si mwehu. Kengele ya mwili wake ilijifunza jambo la kweli mahali pa kweli, tatizo ni kwamba inaendelea kulia mahali ambapo hakuna mto. Kwa jeraha zito namna hiyo, tafadhali, usijitengenezee ngazi peke yako kwa kusoma makala hii. Nenda kwa mtu aliyefunzwa, kwa maana kuna utaratibu wa kuikaribia kumbukumbu bila kuiruhusu ikuzamishe.

Najua unachotaka kusema. Haya mambo ni ya Wazungu, sisi tuna shida za kweli. Basi sikiliza ya huku kwetu.

Mashariki mwa Kongo, watafiti walikwenda vijijini kwa wanawake waliobakwa vitani. Wengi hawakujua kusoma wala kuandika, na vita vilikuwa bado havijatulia. Waliowahudumia hawakuwa madaktari, walikuwa wanawake wa huko huko waliosoma miaka michache tu baada ya shule ya msingi na kufundishwa tiba ya jamii hii hii. Kwa kuwa daftari halikufaa, hatua zilirahisishwa ili zishikwe kichwani. Wanawake 405 walishiriki, baadhi wakipata tiba hiyo katika kikundi, wengine msaada wa mtu mmoja mmoja wa kawaida. Matokeo yalichapishwa 2013. Miezi sita baada ya kumaliza, waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa katika kundi la tiba walikuwa asilimia 9. Katika kundi la msaada wa kawaida, asilimia 42. Rudia kusoma sentensi hizo mbili, kisha uniambie tena kwamba hujasoma vya kutosha kwa tiba hii.

Eldoret, Kenya, walikwenda kwa watu wanaoishi na VVU ambao pombe ilikuwa imewashika. Vikao sita, kila kimoja dakika tisini, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, vikiongozwa kwa Kiswahili na watu wasio madaktari. Jaribio kubwa la watu 614 lilichapishwa 2021, na waliopitia tiba walipunguza kunywa kuliko waliopewa elimu ya afya pekee. Wanaume wa Bunju mnaotibu mawazo kwa chupa mkisema mwanamume hujikaza, wenzenu wa Eldoret walikaa duara wakasema. Hawakupungukiwa na chochote isipokuwa bia.

Moshi, pamoja na Bungoma upande wa Kenya, ilikuwa zamu ya watoto yatima: watoto 640, tiba ya fikra na tabia iliyotengenezwa kwa ajili ya majonzi na mishtuko, wahudumu wa kawaida wa jamii wakiiongoza, na walezi wakishirikishwa. Hapa nataka niwe mkweli kwako. Ilipomalizika, tiba ilishinda huduma ya kawaida mjini Moshi, na Bungoma kote, mjini na vijijini. Mwaka mmoja baadaye faida hiyo iliendelea kuonekana Bungoma, lakini upande wa Moshi makundi yote mawili ya watoto yalikuwa yamepata nafuu inayokaribiana. Ni habari njema yenye kona zake. Nakupa na kona kwa sababu tiba inayokufundisha kudai ushahidi haiwezi kuuzwa kwa kuficha ushahidi.

Na hapa hapa Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Afya Muhimbili na washirika wake waliandikisha wajawazito 742 wanaoishi na VVU na wenye sonona, katika kliniki 16 za serikali, ili kupima vikao vya vikundi vinavyochanganya utatuzi wa matatizo na tiba hii. Ni kliniki za kawaida, zile za mabenchi ya mbao na kadi ya kliniki mkononi. Kwa hiyo wazo kwamba sonona ya mwanamke wa uswahilini inastahili kikao na siyo karipio limeshaingia kwenye mfumo wetu.

Mipaka ipo, na ni lazima uijue. Kama unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au hujala wala kulala kwa siku kadhaa, dawa huenda zikahitajika kwanza, na dawa na mazungumzo vinaweza kwenda pamoja bila ugomvi. Uchovu usioisha wakati mwingine ni upungufu wa damu au tezi, kwa hiyo ukipelekwa maabara usikasirike. Tiba hii haitampiga mumeo anayekupiga. Hilo ni la dawati la jinsia polisi na ustawi wa jamii, na usalama wako unatangulia daftari lolote. Na kama kichwa kimeanza kukuambia ni afadhali usiwepo, acha kusoma hapa. Mwambie mtu aliye karibu nawe maneno hayo hayo bila kuyapamba, msikae mbali, na mwende hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku wa manane. Hapo hapangojwi miadi.

Kwa mengine yote, anza na kituo cha afya kilicho karibu yako, au Hospitali ya Wilaya ya Kinondoni iliyoko Mabwepande. Omba kuelekezwa kwa anayeshughulika na afya ya akili au kwa ofisa ustawi wa jamii. Ikibidi rufaa, mbele yako kuna Mwananyamala, na juu yake Muhimbili. Wataalamu waliofunzwa tiba hii ni wachache, huenda ukangoja, huenda ukapewa tarehe ya wiki ijayo halafu foleni ikakunyima. Panga upya. Wapo na wa binafsi. Kwao uliza bei kabla ya kukaa, na uliza mambo mengine matatu bila aibu: umesomea wapi, tutakuwa na vikao vingapi, na kila wiki nitakuwa na kazi gani ya kufanya? Anayekasirika kwa maswali hayo muage. Anayekuahidi kukuponya kwa siku moja muage haraka zaidi.

Ukikosa wa kumpata mwezi huu, mistari ya daftari haihitaji rufaa. Tukio, fikra, hisia, mwili, tendo, ushahidi wa huku, ushahidi wa kule. Andika mara moja kwa siku kwa wiki mbili, na siku ukipata nafasi mbele ya mtaalamu mpe asome. Utakuwa umemwokolea vikao viwili vya kwanza, na wewe umejiokolea nauli.

Pale mapokezi utakuta watu, na pengine jirani yako yupo kwenye benchi na kadi ya mtoto. Atakutazama. Kichwa chako kitasema, kesho mtaa mzima utajua. Unajua sasa cha kukifanyia: kidai ushahidi, huku miguu ikiendelea kwenda dirishani. Ukifika, inama kidogo na useme, "Samahani dada, naomba kuonana na mhudumu wa afya ya akili." Atakuuliza kama una kadi, kisha atakuuliza jina.